Aliyeomba Kutuliwa Chokaa

Sikuota, sikulewa, na sikupigwa jua. Naanza na hayo matatu kwa sababu ndiyo mnayoniambia kila ninaposimulia, na nimechoka kuyajibu mwishoni. Mimi ni mtu wa vipimo. Nina diploma ya ujenzi, imetundikwa sebuleni kwangu Bagamoyo ndani ya kioo, na asiyeamini aje aisome. Nikikuambia ukuta una futi kumi na mbili, usihangaike kuchukua kamba, nimeshapima. Basi nikikuambia kwamba mchana mmoja mwanamke alisimama mbele yangu na kapu la chokaa kichwani, na mwanamke huyo hakuwa mtu wa siku ile, nisikilize hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda, nilikosoma ujenzi miaka mitatu. Nilitoka hapa peku, nikatembea mpaka Msata kutafuta lori la kudandia, nikarudi na viatu vyeupe, saa ya mkononi na sanduku la vyombo vya kupimia. Darasani nilimaliza wa pili, na huyo wa kwanza alikuwa akikaa nyuma yangu, kwa hiyo mnajua wenyewe majibu aliyapata wapi. Kitu kibaya nilichorudi nacho kilikuwa kimoja: kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kiliangukiwa na chuma karakanani kikapinda kushoto, hakijanyooka tena. Kikumbukeni kidole hicho.

Sasa, kwa wasiolijua pango la Mama Maria. Liko kando ya njia ya kwenda Zinga. Si pango la asili, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa kuiga lile la Ulaya ambako Bikira Maria alimtokea msichana mmoja maskini. Waliolijenga ni watu waliokombolewa utumwani, waliokuwa wakilelewa na misheni enzi za mapadre wa kwanza. Wanaume walichonga mawe. Wanawake walibeba chokaa kwa vichwa kutoka tanuri la pwani, asubuhi mpaka jioni, hadi kazi ikaisha. Padre aliyesimamia akachora jina lake kwenye jiwe la mlangoni. Wale wanawake hawakujua kuandika. Basi plasta ikiwa bado mbichi, kila mmoja akabandika kiganja chake kwenye ukuta wa ndani, kushoto kwa sanamu. Ni viganja arobaini na kimoja. Nimevihesabu.

Kila mwaka, siku ya Kupalizwa Bikira Maria, watu wa misheni wanakwenda pale kuhiji. Wanatoka mjini, Mapinga, Zinga yenyewe, wanaimba njia nzima. Rozari ikiisha ndipo linakuja jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha Kanisa. Kila ukoo unakwenda kwenye kiganja cha bibi yao. Unaweka mkono wako juu ya mkono wake, unataja jina lake kwa sauti. Luisa! Anjelina! Bahati! Watu wasiojua kabila lao, waliokuwa wakitukanwa mjini kuwa hawana kwao, pale walikuwa na kwao, upana wa kiganja.

Mimi sikuwa nacho. Mama yangu mzazi aliletwa misheni akiwa mchanga, hakujua nani kamzaa, naye akafa mimi nikiwa na miaka minne. Nililelewa na Mama Theresia, jirani, aliyekuwa akifua nguo za kanisani. Siku ya hija watoto wenzangu walipokimbilia ukutani, mimi nilibaki nyuma. Walikuwa na neno lao: "Wewe nenda kaguse mti!" Nilikwenda kuugusa kweli, mwaka mmoja, nikidhani ndivyo inavyotakiwa.

Kwa hiyo Padre Paroko aliponiita na kuniambia kwamba askofu anakuja kwa hija ya mwaka ule, na pango lina nyufa, na yeye anataka litengenezwe na kijana wa hapa hapa mwenye elimu, nilikubali kabla hajamaliza. Nikapima. Nikachora. Nikamwambia: ukuta wa kushoto umechoka, uvunjwe wote, tujenge upya kwa saruji na nondo. Akaniuliza, "Na vile viganja?" Nikamjibu, "Padre, hayo si mafundisho ya Kanisa." Akacheka kidogo, akatia sahihi.

Nitasema kweli, sina sababu ya kujipamba: ukuta ule ungeweza kutengenezwa bila kuvunjwa. Nilijua hivyo. Nilitaka uanguke.

Msimamizi wa vibarua wangu alikuwa Fundi Salumu, mtu wa Zinga, Mwislamu, mwashi aliyezaliwa na waashi. Alikuwa akiniita Bwana Diploma. Siku ya kuvunja, tulipanga nyundo zianze saa nane, baada ya chakula. Kengele ya saa sita iliposikika kutoka misheni, vibarua Wakristo walisali Malaika wa Bwana, kisha wote wakaondoka kwenda kula kwa mama ntilie chini ya njia. Salumu alibaki mlangoni.

"Twende, Bwana Diploma."

"Tangulieni. Nachora mstari."

"Jua la utosi hili. Saa kama hizi mtu hakai peke yake mahali pa watu wa kale."

"Wewe unaogopa ukuta?"

"Mimi siogopi ukuta," akasema, akivaa kofia yake. "Nina adabu nao. Utakuta tumekumalizia kisamvu."

Akaenda. Nikabaki na kamba, mkaa na futi.

Nilikuwa nimeupa mgongo mlango. Niliposikia pumzi, nilidhani ni mmoja wa wanawake waliokuwa wakituletea maji. Nikageuka. Alikuwa amesimama ndani, hatua tatu kutoka kwangu, amevaa kaniki iliyochakaa, na kichwani ana kapu la ukili limejaa chokaa mpaka ukingoni. Chokaa ilikuwa imemwagika ikamfunika uso, mabega, mikono. Kope zake zilikuwa nyeupe. Umri wake sikuweza kuujua, angeweza kuwa na miaka ishirini au sitini. Nilichokiona wazi ni shingo. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, inatetemeka, kama ya mtu aliyebeba kwa muda mrefu kuliko uwezo wake.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili sikulifanya kwa ujinga. Mtu aliyezaliwa pwani hii akimkuta mtu mzima anaamkia kwanza, mengine baadaye. Mimi tangu nirudi nilikuwa nimejizoesha kusubiri kuamkiwa. Nikasubiri. Naye akasema:

"Bwana, nitue."

Wote mnajua maana yake. Mwenye mzigo mzito kichwani hawezi kuushusha peke yake, anamwomba yeyote aliye karibu amshikie upande mmoja. Haombwi mtu akakataa. Hata watu waliogombana wanatuana mizigo, kisha wanaendelea kutosemezana. Lakini nilikuwa na shati jeupe, na lile neno "Bwana" lilinikaa vizuri masikioni.

"Ngoja vibarua warudi," nikamwambia. "Tena nani kakutuma? Hapa hatutumii chokaa. Tunatumia saruji."

"Chokaa ndiyo niliyotumwa."

Nikageukia ukuta wangu. Nikavuta mstari wa mkaa katikati ya viganja. Nyuma yangu pumzi ile ile.

"Fundi, nitue."

"Nimekwambia ngoja."

"Unafanya nini hapo?"

"Naweka alama. Saa nane tunavunja."

Akauliza, taratibu kabisa, "Unajua kusoma?"

Niamini, nilicheka. Nikamwambia nina diploma. Nikamwambia na ya wapi. Akasogea, akaelekeza macho ukutani, maana kichwa hakuweza kukigeuza. "Basi nisomee hapa."

"Hapa hapana maandishi. Ni mikono tu."

"Kumbe hujui," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyekuwa na tumaini dogo, nalo likamtoka. Ndipo nilipomtazama vizuri, na nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu mwanzo. Jua lilikuwa kali, mimi mwenyewe shati limeloa, lakini katika ile chokaa iliyomfunika hapakuwa na mchirizi hata mmoja wa jasho. Na kata aliyotegeshea kapu, ule mviringo wa kitambaa, ulikuwa umezama ndani ya nywele, nywele zimeota juu yake. Mwanadamu gani anabeba kapu mpaka nywele zinaota juu ya kata?

Nilitaka kukimbia. Mlango ulikuwa nyuma yake.

"Mwanangu," akasema mara ya tatu, "nitue."

Sikuwa nimeitwa hivyo na mtu nisiyemjua tangu nivae viatu. Nikaweka futi chini. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikashika kapu, nikalipokea.

Nimebeba mifuko ya saruji. Nimebeba nondo. Sijabeba kitu kizito kama kile, wala sijui mtu aliyebeba. Magoti yangu yalikwenda bila kuniuliza. Chokaa ilikuwa ya moto, mbichi, ikaonja jasho la viganja vyangu ikaanza kuunguza. Nikatupa mkono wa kulia ukutani nisiangukie uso. Nikasikia mtu akishusha pumzi ndefu, ndefu sana, pumzi ya mtu ambaye shingo yake imepumzika. Nilipoinua macho hapakuwa na mwanamke. Hapakuwa na kapu. Sakafu safi, hata punje. Mikononi mwangu tu mlikuwa na chokaa, na ngozi inatoka.

Na ukutani, chini ya viganja arobaini na kimoja, palikuwa na kiganja cha arobaini na mbili.

Salumu ndiye aliyenikuta nimepiga magoti. Alinimwagia mafuta ya nazi mikononi, kisha akachuchumaa ukutani. Akagusa kile kiganja kipya. Akakikwaruza kwa ukucha. Akachukua patasi akajaribu pembeni, patasi ikateleza.

"Hii chokaa imeshika zamani," akasema. "Ukiniuliza mimi, ni umri mmoja na ile ya juu yake."

"Nimeiweka sasa hivi, Salumu."

"Nami sikatai. Kidole hicho kilichopinda nakijua. Ndicho unachotunyooshea kila siku." Kisha akaninong'oneza, "Alikuwa na nini kichwani?"

Sikuwa nimemwambia kwamba kulikuwa na mtu.

Nikawaambia vibarua nilichokiona, na nyundo zikae chini. Mmoja wao akakimbilia mjini na habari. Kabla ya alasiri njia ilikuwa imejaa wanawake wa misheni, rozari shingoni, wanaimba. "Mama ametokea! Mama ametokea kwa mtoto wa Theresia!" Walijitupa chini mbele ya kiganja changu. Mmoja alikipaka mafuta, mwingine akakibusu. Nikawa napiga kelele, "Jamani, huo ni mkono wangu!" Nani alisikiliza?

Padre Paroko akaja na pikipiki, kanzu imejaa vumbi, pamoja na katekista nyuma yake. Alinitazama mikono, akaniomba tusimame pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema polepole.

"Wewe ni msomi. Niambie tu. Ulimwona Mama Yetu? Kama ndiye, nitamwandikia askofu, na ukuta hautaguswa mpaka Kanisa lichunguze. Au lilikuwa jua? Kama ni jua, upumzike leo, kesho uendelee na kazi yako, na mimi sitakuhesabia neno."

Mnaliona lile lililokuwa mbele yangu? Nikisema ni Bikira Maria, ukuta unapona na mimi nakuwa mtu mkubwa, watu wangetoka mpaka Kongo kuja kuniona. Nikisema ni jua, kazi yangu ya kwanza inabaki, jina langu linabaki, na asubuhi ukuta unavunjwa. Katekista alikuwa akinivuta shati: "Sema ni Mama! Watatuletea barabara mpaka hapa! Na bomba la maji!"

"Padre," nikasema, "jua halina uzito. Na Mama Yetu picha yake naijua, ana vazi la buluu na mikono mitupu. Huyu alivaa kaniki na alibeba chokaa. Alikuwa kibarua wa ukuta huu, na hakuna aliyemtua. Nimemtua mimi, baada ya kukataa mara mbili. Andika hivyo."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Basi usiandike. Lakini mimi sitasema lingine, na huu ukuta sitauvunja."

Uso ukamwiva. Akaniambia kwamba kazi ilikuwa ya Kanisa, si yangu, na kama mimi sitaki, fundi yupo. Akamgeukia Salumu. "Fundi, wewe si mtu wa mambo haya yetu. Asubuhi utaanza?"

Salumu alikuwa ameegemea nyundo kubwa. Akaitazama, akailaza chini taratibu kama anamlaza mtoto.

"Padre, mimi kazi yangu kupiga mawe. Mikono ya watu sijawahi kupiga."

Mama Theresia akapita katikati yetu bila hata kusema tumsifu Yesu Kristo. Akaenda ukutani, akaweka mkono wake, mkono ule uliobabuka kwa sabuni za kanisani, juu ya kiganja cha bibi yake. "Luisa!" akasema. Mwingine akamfuata. "Anjelina!" Mwingine. Hawakugombana na Padre, hawakumtazama. Walisimama tu na mikono yao ukutani, wanataja majina, mpaka jua likashuka, na Padre akavua kofia yake akasimama nje akiwasikiliza. Halafu akawasha pikipiki akaondoka.

Ukuta haukuvunjwa. Kazi mimi nilinyang'anywa, na hilo sikulilalamikia. Aliletwa fundi mwingine kutoka Dar es Salaam, akajenga ukumbi wa saruji mbele ya pango. Askofu alikaa humo. Ukumbi ule umepasuka mara mbili tangu hapo. Nyufa za ukuta tuliziziba mimi na Salumu, Jumamosi zetu, kwa chokaa tuliyochoma wenyewe pwani, nami nikajifunza kwa Salumu mambo ambayo Uganda hawakunifundisha. Sasa hivi ukitaka mtu wa kutengeneza nyumba ya kale kuanzia hapa mpaka Pangani, utaambiwa jina langu. Nalisema bila aibu.

Lakini mnataka kujua kilichobaki. Kilichobaki ni hiki. Viganja vyangu vilipona, lakini mistari ya mikono haikurudi. Ni laini kama karatasi, njoo uone. Kila mwaka mahujaji wapya wanakibusu kiganja changu wakisema ni cha Bikira Maria, na kila mwaka nasimama pale pale nawaambia si kweli, nanyoosha kidole changu kilichopinda wakilinganishe, nao wananikasirikia kama ninawaibia kitu. Wameniita mkaidi. Wameniita mpagani. Hata Padre wa sasa ameniomba kwa upole ninyamaze. Sinyamazi. Bikira Maria ana mapango dunia nzima. Huyu ana hili moja.

Nilimuuliza Mama Theresia kabla hajafa, je, anaweza kuwa bibi yangu? Akanijibu, "Walianguka njiani wengi, mwanangu, na makapu yao kichwani. Siwezi kukudanganya." Basi nami sijidanganyi. Ningemwamkia angeitikia marahaba, na baada ya marahaba ningemuuliza, mama, jina lako nani? Hatua hiyo moja ndogo, ambayo hata mtoto wa miaka mitatu anaijua, mimi mwenye diploma niliiruka.

Kwa hiyo nakuonya. Ukipita njia hii ya Zinga mchana wa jua la utosi, ukasikia mtu anakwambia nitue, usitazame shati lako. Mwamkie kwanza. Mtue mara ya kwanza anapoomba. Na usiondoke bila jina lake, kwa sababu usipolipata, watu watampa jina wanalolitaka wao, na utapigana nao maisha yako yote ukiwa huna la kuweka mahali pake.

Siku ya Kupalizwa nasimama foleni na wenzangu. Hakuna anayeniambia nikaguse mti. Zamu yangu ikifika naweka mkono wangu juu ya mkono wangu, unaenea barabara, kidole na kidole. Luisa, anasema wa mbele yangu. Bahati, anasema wa nyuma. Mimi nasema, "Shikamoo," kisha nangoja.